Jasho la Majani: Bustani ya Nyumbani Majira ya Kaskazi

Saa saba mchana, mwezi wa Februari, gusa ukuta wa uani uliopigwa na jua tangu asubuhi. Mkono utautoa upesi. Sasa shika jani la mboga ya maboga inayotambaa chini ya ukuta huohuo, mradi mizizi yake ina maji. Jani limeanikwa juani sawasawa na ukuta, tena ni jembamba na laini, lakini ukilishika unakuta ubaridi. Tofali limeungua, jani limepoa, na jua ni hilohilo moja.

Kwetu pwani, kuanzia Lamu na Mombasa kupitia Tanga, Unguja na Pemba hadi Dar es Salaam, kiangazi kikali ni cha kaskazi. Vuli imekwisha, masika haijaja, upepo unavuma kutoka kaskazini-mashariki. Mchana joto hufika nyuzi 31 au 32, na usiku hauleti nafuu kubwa. Watu wengi huiacha bustani wakati huu: wanang'oa mchicha uliochanua, wanaliacha tuta tupu, wanangoja mvua. Naamini wanapitwa na msimu ambao Mwenyezi Mungu anaonyesha ufundi wake waziwazi kuliko mwingine wowote. Kazi za bustani katika miezi hii ni nyingi, na karibu zote zina mzizi mmoja: kuutambua ufundi ambao mmea umeumbwa nao, kisha kuusaidia.

Tuanze na ule ubaridi wa jani. Mwaka 1724, katika kijiji cha Teddington karibu na London, kasisi mmoja aitwaye Stephen Hales alichukua alizeti iliyopandwa kwenye chungu, urefu wake kama mita moja, akaufunika mdomo wa chungu kwa bamba la risasi ili maji yasitoroke kupitia udongo. Kwa siku kumi na tano kati ya Julai na Agosti, kiangazi cha kwao, aliupima mmea ule kwa mizani. Akakuta kwamba kwa mchana mmoja wa saa 12 ulikuwa unatoa hewani, kwa wastani, zaidi ya nusu kilo ya maji. Siku ya joto kali na ukavu ilikuwa zaidi ya robo tatu ya kilo. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1727, na tangu hapo imejulikana kwamba mmea hutoa jasho, tena jingi mno kwa kimo chake.

Maji hayo hupita kwenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho, mamia katika kila milimita moja ya mraba, vingi vikiwa upande wa chini wa jani ambako jua halifiki moja kwa moja. Kila kitundu kina walinzi wawili, seli mbili zinazotazamana. Zikijaa maji hutuna na mlango hufunguka. Zikipungukiwa hunywea na mlango hufungika. Lita moja ya maji inapogeuka kuwa mvuke juu ya jani huondoka na joto jingi, kiasi cha mara nane ya lile linalohitajika kuchemsha lita hiyohiyo ya bombani jikoni. Ni njia ileile inayoyapoza maji ya mtungi wa udongo uliowekwa kivulini. Mababu zetu waliitumia mitungi kwa karne nyingi, na majani yalikuwa yakifanya hivyo kabla hajazaliwa mfinyanzi wa kwanza.

Sehemu kubwa kabisa ya maji ambayo mmea unayanywa huishia hapo. Sehemu ndogo sana tu hubaki ndani kujenga shina, jani na tunda. Kwa hiyo unapobeba ndoo alfajiri kwenda kwenye tuta la mboga, sehemu kubwa ya ndoo ile ni ya kupoza. Wapo wanaoona huo ni upotevu. Lakini pasipo jasho hilo majani yangeungua, na maji na chumvichumvi za udongo zisingepanda kutoka mizizini hadi kwenye kikonyo cha juu kabisa.

Ukishalijua hilo, saa ya kumwagilia inajipanga yenyewe. Mwagilia alfajiri, kabla jua halijapanda, ili mmea uanze siku ukiwa na akiba na vitundu vyake viweze kubaki wazi. Maji ya mchana hukauka juu ya udongo kabla ya kufika kwenye mizizi. Maji ya jioni ni mazuri kuliko kukosa kabisa, ila yakilowesha majani nayo yakalala na unyevu usiku kucha, yanayakaribisha magonjwa ya ukungu. Elekeza maji shinani, majani yaache.

Udongo wetu wa pwani ni kichanga na haukai na maji. Kosa ninaloliona kila mtaa ni kunyunyiza kidogo kila jioni kwa mpira, udongo ukabadilika rangi, mtu akaridhika. Chimbua hapo kwa kidole: kina cha ukucha kimelowa, chini ni vumbi. Mizizi huyafuata maji yaliko, na ukiizoesha kunywa juu itabaki juu, kwenye udongo unaochomwa zaidi. Miche michanga ina haki ya maji kila siku. Mimea iliyokwisha kushika, ipe maji hadi udongo ulowe kina cha shibiri moja, kisha siku inayofuata uiache ijitafutie huko chini.

Kuna njia nyingine nzuri kwa mwenye mtungi au chungu cha zamani kisichopakwa rangi. Kifukie katikati ya tuta, shingo ibaki nje, ukijaze maji na ukifunike. Maji yatapenya polepole kwenye udongo wa kuta zake, na yatatoka zaidi pale udongo wa nje unapokauka, kwa sababu ukavu ndio unaoyavuta. Fan Shengzhi, mtaalamu wa kilimo wa China aliyeishi zaidi ya miaka 2000 iliyopita, aliandika jinsi ya kupanda mimea jamii ya maboga kuzunguka chungu kilichofukiwa namna hiyo. Mizizi hukizunguka chungu na kukikumbatia kwa nyuzi nyembamba mno. Mmea hauna macho, lakini umepewa kujua maji yako upande gani.

Udongo uufunike. Hii ndiyo kazi kubwa ya kiangazi, na kama una nguvu ya kazi moja tu, fanya hii. Mchanga mkavu ulio wazi mchana wa Februari unaweza kupita nyuzi 50, joto ambalo mizizi ya juu haiwezi kulistahimili. Tandaza nyasi kavu, majani ya mwembe, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, makuti yaliyochakaa au pumba za mpunga, unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina lisije likaoza. Mchwa watakuja. Wanakuja kula kilichokufa, basi hakikisha matandazo hayagusi ukuta wa nyumba wala magome ya miti, kisha uwaache wafanye kazi yao.

Baada ya siku chache inua matandazo hayo asubuhi na utazame. Chini yake kuna giza, unyevu, na viumbe ambao kiangazi kilikuwa kimewafukuza. Nyungunyungu, ambao udongo ukikauka hushuka chini sana na kujikunja wakiungoja unyevu, wanarudi karibu na uso wa ardhi. Kuna pia nyuzi nyeupe nyembamba za kuvu. Nyingine zinaozesha majani makavu. Nyingine zimeungana na mizizi ya mimea yako, zikifika mbali kuliko mizizi yenyewe inavyoweza, zikiiletea maji na fosforasi na kulipwa sukari. Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa ushirika huo jina la kisayansi mwaka 1885, na sasa inajulikana kwamba zaidi ya theluthi mbili ya aina zote za mimea ya nchi kavu inaishi hivyo. Kila jembe linaloshuka kwa nguvu linazikata nyuzi hizo. Kiangazi si wakati wa kulima kwa kina pale penye mimea. Palilia kwa juu, kwa mkono au kwa kijembe kidogo, na uiache ardhi ya chini na mpango wake.

Tukiwa kwenye palizi: ng'oa magugu kabla hayajatoa mbegu, hata kama ni mawili tu na jua linachoma. Mwaka 1879 William Beal, mwalimu wa mimea huko Michigan, Marekani, alifukia chupa 20 zenye mbegu, nyingi zikiwa za magugu, ili wanaokuja baada yake wazifukue moja moja. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 ilikuwa na mbegu zilizoota, baada ya miaka 142 ardhini. Uvumilivu huo ni ajabu ya kumtukuza aliyeuweka, na ni sababu tosha ya kutoliacha gugu lichanue kwenye tuta lako.

Mchana ukipita bustanini utaona mambo ya kutia wasiwasi. Majani ya maboga yamelegea. Majani ya kunde yamesimama wima, kingo zikilielekea jua. Usikimbilie ndoo. Jani la boga ni pana, na saa za jua kali linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Jioni litasimama lenyewe. Ukilikuta limelegea alfajiri, hapo ndipo ujue mmea una kiu kweli. Kunde inafanya jambo la ajabu zaidi. Asubuhi huyatandaza majani yake yapokee mwanga. Udongo ukianza kukauka na jua likiwa utosini, huyageuza yakae sambamba na miali, mwanga ukapita pembeni badala ya kuyachoma usoni. Kwenye shingo ya kila jani dogo kuna kifundo ambacho upande mmoja wake hujaa maji na mwingine hupungua, na jani hilo likageuka. Wakati huohuo mizizi inapoona udongo umekauka, kemikali maalumu huzalishwa na kusafiri hadi majanini, vile vitundu vikafungwa hata kabla jani halijanyauka. Mmea hauwezi kuhamia kivulini kama mbuzi au mtoto, basi umepewa njia ya kujikinga palepale ulipo.

Cha kupanda wakati huu ni kile kilichoumbiwa joto. Mchicha ndio wa kwanza. Katika mimea mingi, kimeng'enya kinachokamata hewa ya kaboni hukosea na kukamata oksijeni, na joto likizidi makosa huzidi. Mchicha, kama mahindi na muwa, una hatua ya ziada: huikusanya kaboni kwanza na kuisukuma kwa wingi mpaka mahali ambapo kimeng'enya hakipati nafasi ya kukosea. Marshall Hatch na Roger Slack waliieleza njia hiyo huko Australia katika miaka ya 1960 wakichunguza muwa. Kwa sababu yake mchicha hutumia maji machache kwa kila jani unalochuma, na jua linaloikausha kabeji huukuza. Mbegu moja ya mchicha ni ndogo kuliko kichwa cha pini, na gramu moja hubeba zaidi ya elfu moja. Mpango wote huo umo ndani ya kila mojawapo. Mnanasi na mshubiri vimepewa njia nyingine tena: mchana hufunga vitundu kabisa, na usiku, hewa ikiwa imepoa, huvifungua na kuihifadhi kaboni hadi mwanga utakaporudi. Ndiyo maana mnanasi ulio kwenye kona ya uwanja hauombi maji.

Bamia nayo inalipenda joto. Ua lake hufunguka siku moja tu. Vuna kila baada ya siku moja, ingali changa. Ukiliacha tunda likomae, mmea huona kazi ya kuacha uzao imetimia na hupunguza kuchanua.

Nyanya ni habari nyingine. Zinachanua, halafu maua yanapukutika kwenye kikonyo, na mwenye bustani analaumu dawa au mbegu. Mara nyingi sababu ni usiku. Usiku wetu wa Februari ni wa joto kupita kile ambacho chavua ya nyanya inaweza kustahimili, na ua lisilorutubishwa huanguka. Jenga kichanja chepesi cha makuti juu yake, kizuie jua la mchana, lakini usitegemee mengi hadi hali ya hewa ipoe. Bilingani na nyanya chungu zitakuvumilia zaidi. Ndugu hawa wote huficha chavua yao ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, na haitoki kwa kuguswa tu. Nyuki wa asali hajui kuitoa vizuri. Anayejua ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti na mbao kavu: hulikumbatia ua, hutikisa misuli ya kifua bila kupiga mabawa, na chavua humwagika juu ya tumbo lake. Utamsikia asubuhi, sauti yake ikibadilika ghafla anapotua. Watu humfukuza kwa kuwa anaharibu mbao. Nakusihi umwachie kipande cha gogo kavu mwisho wa uwanja.

Sasa niseme juu ya boga, kwa maana katika kazi zote za kiangazi hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mboga ya maboga hutoa maua ya aina mbili. Maua dume hutangulia, yamekaa juu ya vikonyo virefu vyembamba, na kwenye joto huwa mengi kupita kiasi. Maua jike hufuata, nayo utayatambua mara moja: chini ya kila moja kuna kiboga kidogo, kimekamilika umbo, kikingoja. Yote hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, na hayafunguki tena. Nyuki wasipofika katika saa hizo chache, kiboga hugeuka manjano na kuoza baada ya siku kadhaa. Mijini, penye sumu nyingi za wadudu na miti michache, mara nyingi hawafiki.

Hapo Mungu amemwachia mwanadamu nafasi ya kusaidia. Amka mapema. Chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyohiyo, ondoa petali zake taratibu, ubakie na kijiti cha katikati kilichojaa unga wa manjano. Kipake ndani ya ua jike, ukigusa sehemu zote za kile kinundu cha kati. Ukiwa na maua dume mawili, tumia yote mawili. Kazi imekwisha, na imechukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Lakini tazama kinachoendelea baada ya wewe kuondoka. Kila chembe ya chavua iliyonata pale huota mrija mwembamba unaopenya ndani ya ua, ukishuka kutafuta yai lililo ndani ya kiboga. Mrija mmoja, yai moja, mbegu moja. Boga lenye mamia ya mbegu ni ushahidi kwamba mamia ya mirija ilisafiri na ikafika, asubuhi moja, gizani, bila kiongozi anayeonekana. Ikifika michache, boga hudumaa au hukua upande mmoja. Tunakula boga la nazi jioni bila kufikiri kwamba umbo lake la mviringo limetokana na safari hizo zote kutimia.

Kiangazi pia ndicho cha kutibu udongo ulioumwa. Kama mizizi ya mimea yako ilikuwa na vifundo msimu uliopita, ondoa kila kitu kwenye tuta hilo, lilaze sawa, limwagilie vizuri, kisha lifunike kwa plastiki inayopitisha mwanga, kingo ukizifukia kwa mchanga. Iache wiki nne hadi sita. Joto litajikusanya humo na kuua minyoo midogo inayovimbisha mizizi, mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Jaacov Katan na wenzake waliieleza njia hii Israeli mwaka 1976. Plastiki nyeusi haifanyi kazi sawasawa; inashika joto juu, udongo hauupati wote.

Matayarisho ya masika hayangoji masika. Mbegu za papai zisiwe ndani ya pakiti ifikapo mwisho wa Januari, ili miche iwe imekomaa kuhamishwa mvua zikishika. Viriba viweke upande wa kaskazini wa ukuta: mwezi huo jua letu la adhuhuri limeinama kusini, na ukuta hutupa ukanda mwembamba wa kivuli kaskazini mwake. Kwa Dar es Salaam jua hupita utosini wiki ya kwanza ya Machi, halafu linaendelea kuelekea kaskazini, na kivuli hicho huhamia upande wa pili. Mpangilio huu haujawahi kuchelewa hata mwaka mmoja, na unaweza kuupangia kalenda ya bustani yako. Mashimo ya migomba na mipapai yachimbwe sasa na kujazwa samadi iliyooza, maana mvua ya kwanza ikinyesha hakuna nafasi ya kuchimba.

Mwisho, mbegu. Chagua shina bora la bamia na la mchicha, lile lililovumilia jua bila kubembelezwa, ulifunge utepe ili mtu asilichume, na uache mbegu zake zikaukie hukohuko. Wengi huweka mbegu za masalia yaliyosahauliwa mwisho wa msimu, na mwaka unaofuata wanashangaa mimea imekuwa dhaifu. Zimalizie kukausha kivulini, zitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko, andika jina na mwezi.

Na kama kuna mtoto nyumbani, mwamshe alfajiri siku ambayo ua jike la boga litafunguka, umpe ua dume mkononi na umwache apake chavua mwenyewe. Mwezi wa nne boga likiwa limekomaa, lipasueni pamoja na mwambie ahesabu mbegu.